Askofu Festo Kivengere na Shina la Uchungu

Na Katibu wa Kwaya



Katika kijitabu hiki mtapata ratiba ya sherehe, majina ya waimbaji wa kwanza, orodha ya walimu wa kwaya tangu mwanzo na picha za safari zetu. Kamati ya yubile ilinipa mimi kurasa hizi chache niandike kipande cha historia ya kanisa kitakachotufundisha jambo. Nimechagua historia ya mhubiri wa nchi jirani, marehemu Askofu Festo Kivengere wa Uganda, na jinsi alivyogundua kwamba mtu hawezi kuhubiri neema huku amebeba uchungu. Mwishoni nitaeleza kwa nini historia hiyo inatuhusu sisi wa Matulo, na hasa sisi wa kwaya hii inayotimiza miaka 25.

Mahubiri yaliyokataa kuandikika

Miezi michache iliyopita, Jumapili ya Kwaya ilipokaribia, mchungaji aliniomba nilete neno. Andiko lilikuwa Waebrania 12:15, pale tunapoonywa kwamba uchungu ni kama shina lililofichika ardhini. Likiachwa limee, haliharibu mtu mmoja peke yake, linaharibu kundi zima.

Kwa kazi mimi ni mwalimu. Nilidhani kutayarisha mahubiri ni kama kutayarisha somo la darasani: shabaha, utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Nilikaa mezani usiku wa Jumatatu, wa Jumanne na wa Jumatano. Hoja zilikuja, nikaziandika, lakini nilipozisoma zilikuwa kavu kama mabua ya mahindi mwezi wa Januari. Andiko halikuwa na shida. Shida ilikuwa kwamba nilijua nikisimama pale mbele nitamwona mtu fulani ameketi benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha, na mtu huyo nilikuwa sijamsalimu kwa moyo safi kwa miaka mingi.

Ndipo nikakumbuka kitabu kidogo cha Kiingereza nilichosoma nikiwa chuo cha ualimu. Jina lake kwa Kiswahili ni sawa na kusema "Nampenda Idi Amin". Mwandishi wake ni Kivengere, na kilitoka mwaka 1977. Nilipokiona mara ya kwanza nilifikiri ni mzaha. Safari hii nilikitafuta tena, nikakisoma kama mtu anayetafuta dawa.

Mwalimu aliyepanda baiskeli

Festo Kivengere alizaliwa mwaka 1919 huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji wa ng'ombe. Alisoma katika shule za misheni akawa mwalimu. Kuna wakati alikuwa mbali na imani, lakini mwaka 1941 aliokoka katika moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Vijana wetu huenda hawaujui uamsho huo. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika Uganda na Rwanda. Miongoni mwa waliotumiwa na Mungu ni Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda. Kutoka huko ulienea hadi Kenya na Tanganyika. Wimbo wake wa Kiganda, Tukutendereza, wazee wetu wanaujua hata kama hawajui neno lingine la Kiganda. Alama ya watu wa uamsho ilikuwa kutubu waziwazi na kurudisha. Aliyeiba alirudisha mali ya watu. Aliyemchukia mwenzake alimwendea akamwambia.

Kivengere alisimulia kwamba baada ya kuokoka moyo wake ulimsumbua juu ya Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Akapanda baiskeli, safari ndefu, akaenda kumwomba msamaha. Hakwenda kumhesabia yule Mzungu makosa yake. Alikwenda kusema kwamba chuki ilikuwa yake yeye, Festo, na kwamba ameitua. Nawaomba mkumbuke baiskeli hiyo, kwa maana tutairudia.

Katika miaka ya 1940 yeye na mkewe Mera walihamia Dodoma, na huko alifundisha kwa zaidi ya miaka kumi. Alikijua Kiswahili vizuri, hata mwhubiri Mmarekani Billy Graham alipofika Tanganyika mwaka 1960, Kivengere ndiye aliyemtafsiria. Baadaye alisomea theolojia Marekani, na mwaka 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Uganda ya wakati ule

Idi Amin alikuwa ametwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Wahindi, akawapa siku 90 tu wawe wameondoka. Watu walianza kupotea. Askofu alikuwa akizika leo, kesho anafariji wajane.

Mwezi wa Februari 1973 watu watatu walipigwa risasi hadharani katika uwanja wa Kabale, mbele ya maelfu ya watu. Kivengere aliruhusiwa kusema nao kabla hawajafa. Aliwaendea bila kujua atasema nini. Akakuta nyuso zao zimejaa furaha, kwa maana walikuwa wamempata Kristo wakiwa kifungoni. Mhubiri alikwenda kufariji, akarudi amefarijiwa na waliokuwa wakienda kufa.

Tarehe 30 Januari 1977, askofu mpya alipowekwa wakfu huko Bushenyi, Kivengere alihubiri juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu. Baadhi ya watu wa serikali walikuwapo na waliyasikia. Siku chache baadaye, usiku, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum mjini Kampala wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya pamoja kulalamikia mauaji na mateso ya raia. Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala. Bunduki zilipangwa chini mbele ya umati wa askari, na Luwum akashtakiwa kwamba alipanga njama ya kuipindua serikali. Maaskofu wengine waliambiwa waende nyumbani. Luwum akaambiwa abaki.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Wananchi hawakuamini, na walioona mwili wake walisema una matundu ya risasi. Kivengere alirudi Kabale akasikia kwamba yeye naye anatafutwa. Usiku huo yeye na Mera walitoroka, wakapanda milima kwa miguu gizani hadi wakavuka mpaka kuingia Rwanda.

Mhubiri anakauka

Sasa tumefika mahali ambapo historia hii ilinikamata.

Kivengere alikuwa salama. Makanisa ya nje yalimwita aeleze yaliyotokea, naye alieleza. Kila alilosema lilikuwa kweli. Lakini yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba ndani yake kulikuwa na kitu kinachokua. Kila alipomtaja Amin moyo wake ulizidi kuwa mgumu. Amani aliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka 30 ikaanza kupungua, na huduma yake ikapoteza nguvu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Nadhani hiyo ndiyo hatari ya uchungu wa mtu aliyekosewa kweli. Mwenye kosa huambiwa atubu, lakini mwenye haki haambiwi lolote, na shina hukua likimwagiliwa na kila anayemwonea huruma.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo, tarehe 8 Aprili 1977, alikuwa London, ameketi katika kanisa la All Souls. Siku hiyo alikuwa msikilizaji kama waumini wengine. Yakasomwa maneno ya Bwana akiwa msalabani, lile ombi la Luka 23:34 kwa ajili ya waliokuwa wakimsulubisha. Kivengere akaona ni kama anaulizwa swali: kama Amin angekuwa mmoja wa askari walioshika nyundo na misumari, je, Bwana angemtoa katika ombi lile? Alijua jibu. Akajua pia kwamba yeye, askofu, alikuwa amemtoa. Palepale kwenye benchi akaomba msamaha kwa ajili ya chuki yake, na kuomba neema ya kumpenda mtu aliyemuua rafiki yake.

Zilikuwa zimepita siku 51 tu tangu Luwum auawe. Mwaka huohuo kitabu kikatoka.

Wengi walikasirika, na tusiwalaumu upesi, kwa sababu neno "nampenda" likisemwa juu ya muuaji huonekana kama kuwasaliti waliouawa. Lakini tuangalie alichofanya na asichofanya. Hakusema Amin hana hatia. Kitabu chenyewe kinaeleza mauaji waziwazi. Hakuacha kuwatetea Waganda waliokuwa wakimbizi. Hakurudi Kabale kujikabidhi kwa askari. Ukweli alibaki nao wote. Alichotua ni ule mzigo wa kutaka Amin aumie.

Jambo la mwisho ni kwamba Amin hakuwahi kumjibu. Alipinduliwa Aprili 1979, akakimbia, na alikufa mwaka 2003 nchini Saudi Arabia bila kusimama mbele ya mahakama yoyote. Kivengere alirudi Kabale mwaka 1979 akaendelea kuchunga kundi lake hadi alipougua na kufariki Nairobi tarehe 18 Mei 1988. Kama angengoja Amin aje kwanza kuomba msamaha, angekufa akingoja.

Sisi wa upande huu wa mpaka

Msiseme hiyo ni habari ya Uganda. Miaka ile ya 1970 walimu wengi wa Uganda walivuka Malaba na Busia, na wengine wakafundisha katika shule za sekondari za magharibi mwa Kenya. Wapo wazee humu kanisani wanaowakumbuka kwa hesabu na Kiingereza chao kizuri, na kwa jinsi walivyonyamaza walipoulizwa habari za nyumbani.

Nasi tumekuwa na yetu. Mwaka 1991 na 1992 mapigano ya kikabila yaliwaondoa watu mashambani katika Trans Nzoia na Bungoma. Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon ulilia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 uwanja wa maonyesho wa Kitale ulijaa mahema. Kati ya wageni wetu wa leo kutoka Kitale wapo waliolala katika mahema hayo, na katika kwaya yetu wapo walioingia Matulo wakiwa watoto, wamebebwa mgongoni. Watu hawa wakiimba juu ya neema, tuwasikilize kwa heshima, maana wanajua bei yake.

Ukurasa wa daftari letu

Na sasa nije nyumbani. Nilipokuwa nikikusanya historia ya kwaya nilisoma madaftari yote ya mikutano. Katika daftari la tatu kuna mkutano uliochukua kurasa saba. Waimbaji wa muda mrefu wanaujua. Tulikuwa tumechanga pesa za kurekodi kanda yetu ya pili, na siku ya kuhesabu, shilingi 38,000 hazikuonekana. Mweka hazina wa wakati huo alikuwa shangazi yangu. Mzee mmoja wa sauti ya nne alisimama akasema maneno makali, mimi nikiwa nimeketi na wenzangu wa alto, bado msichana wa shule. Kuanzia wiki iliyofuata waimbaji 11 hawakurudi. Shangazi alikuwa wa kwanza, na huyo mzee alikuwa wa mwisho, kwa sababu na yeye alilaumiwa kwa kuivunja kwaya.

Pesa hizo hazikupatikana hadi leo. Nimepiga hesabu upya mara nne kwa kalamu na karatasi, nikitumaini nitakuta kosa la kujumlisha ili jina la shangazi lisafishwe. Sikulikuta. Shangazi aliaga dunia bila kuimba tena nasi. Siku ya mazishi yake kwaya iliimba, na yule mzee alisimama kwa mbali karibu na ua, nami nikajiambia kwamba hana haki hata ya kusimama hapo.

Huyo ndiye mtu wa benchi la tatu kutoka nyuma.

Wengine wa kamati walishauri ukurasa huu tuuache, kwa kuwa hii ni sherehe. Nimewaelewa. Lakini neno yubile lenyewe linatoka katika Mambo ya Walawi 25, na katika mwaka huo Mungu aliamuru mtumwa aende huru na shamba lirudi kwa mwenyewe. Keki na sare mpya ni nzuri, ila havitoshi kuwa yubile. Baada ya kuniombea, kamati ilikubali niandike bila kutaja majina.

Siku ya Alhamisi ya wiki ile ya mahubiri, baada ya shule, nilikwenda kwa mzee. Sikuwa na baiskeli kama ya Kivengere, wala maili nyingi mbele yangu. Kwake ni kuvuka reli tu na kupita shamba la miwa, mwendo wa nusu saa, nao ulikuwa umenishinda kwa miaka 14.

Nilimwambia, "Mzee, sikuja kuuliza pesa. Nimekuja kukwambia nimekuchukia tangu siku ile, na siku ya mazishi nilikuchukia zaidi. Nisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Hakusema alikosea. Aliniambia, "Mwanangu, zile pesa hata mimi sijui zilienda wapi. Nilisema haraka. Shangazi yako nilimwendea mara moja nikafika langoni, nikarudi." Kisha akamwita mkewe alete chai.

Hatukumaliza kila kitu. Sikuondoka na jibu la shilingi 38,000, na bado huwa nasikia moyo ukichoma nikipita kaburi la shangazi. Lakini usiku huo niliketi mezani, na neno la Waebrania likaandikika. Jumapili nilihubiri kwa dakika 15, nikasimulia habari za Kivengere kama nilivyowasimulia hapa, na nilipotazama benchi la tatu kutoka nyuma sikuhitaji kukwepesha macho.

Kwa waimbaji na wote mliopo

Wenzangu, sisi kazi yetu ni kuimba. Mwalimu wetu hutuambia kila Jumamosi kwamba sauti nne haziwi wimbo mpaka kila mmoja amsikilize wa pembeni yake. Mtu uliyemkasirikia huwezi kumsikiliza, utamngoja akosee tu. Kivengere alipoona huduma yake imekauka hakutafuta maneno mapya. Alirudi msalabani, akakuta kwamba aliyehitaji kusamehewa kwanza ni yeye.

Tumewaandikia barua wale 11, wanane walio hai na familia za watatu waliotangulia. Tumewaomba radhi kama kwaya kwa jinsi mkutano ule ulivyoendeshwa, na kuwakaribisha leo. Hatujui ni wangapi watakuja. Katika ratiba mtaona wimbo wa mwisho umeandikwa "Waimbaji wote, wa zamani na wa sasa". Ukiwa miongoni mwao na umeketi hapo ukiwaza, njoo mbele. Hutaulizwa kitu. Nafasi ya shangazi yangu katika mstari wa alto nimeomba iachwe wazi, na yeyote atakayehitaji mahali pa kusimama asimame hapo.

Yule mzee aliponisindikiza hadi kwenye reli siku ile, aliniuliza swali moja tu: "Mazoezi siku hizi ni saa ngapi?"

Nilimwambia ni Jumamosi, saa nane mchana, palepale pa zamani.